Tathmini: plaiwudi ya baharini kwa sakafu ya boti ndogo ya alumini

Mtu anayetaka kubadilisha sakafu iliyooza ya boti ndogo ya uvuvi iliyoundwa kwa alumini hukutana na plaiwudi za namna tatu: ya kawaida ya kazi za nje, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na plaiwudi ya baharini, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Nimeitumia hii ya tatu kuweka sakafu mpya kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na nimeridhika nayo kwa kiasi kikubwa, ingawa sifa zake nyingine hukuzwa na wauzaji kupita zinavyostahili.

Wanunuzi wengi huamini kwamba fedha ya ziada inalipia gundi. Sivyo, kwa kuwa plaiwudi nzuri ya kazi za nje nayo huunganishwa kwa gundi isiyoachia majini. Kinacholipiwa ni matabaka ya katikati, yale ambayo mnunuzi hayaoni. Katika plaiwudi ya kawaida matabaka hayo huwa na matundu ya vifundo na mapengo mahali vipande visipokutana, na kila pengo ni mahali pa maji kutuama na pa skrubu kukosa kushika. Ubao nilioununua ulikuwa na alama ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, na nilipoupitisha kwenye msumeno ukingo ulitoka umeshikamana kutoka juu hadi chini, bila tundu hata moja. Nashauri kila mnunuzi aukague ubao pembeni, pande zote nne, kabla ya kuulipia, kwa sababu alama iliyopigwa usoni ni rahisi kuigwa kuliko ukingo safi.

Kuhusu ile iliyotiwa dawa, msimamo wangu ni mkali: isiingie kabisa ndani ya boti ya alumini. Dawa nyingi za kuhifadhi mbao zina madini ya shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, hasa wa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ubaya wake ni kwamba vishimo huanzia upande wa chini, pale ubao unapolalia mataruma (mbavu za ndani za boti), mahali ambapo hakuna anayepaona mpaka sakafu ing'olewe, na kufikia wakati huo bati la boti linaweza kuwa limetoboka. Mtu akiona plaiwudi hiyo ni nafuu, akumbuke kwamba sakafu hubadilishwa, lakini bati la boti lililotoboka ni kazi ya mchomeleaji stadi.

Hata hivyo, plaiwudi ya baharini haina kinga yake yenyewe dhidi ya kuoza, na hili ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Nyingi hutengenezwa kwa mti wa okume, ambao ni mwepesi na hukatika vizuri, lakini huoza upesi maji yakiuingia. Kwa hiyo ubora wa sakafu hutegemea namna kingo na matundu yalivyozibwa. Epoksi, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu kama plastiki, hunyweka kwa wingi kwenye kingo, kwani huko ndiko nyuzi za mbao ziko wazi. Koti la kwanza hutoweka lote, la pili hubaki nusu, na ni la tatu ndilo linaloacha mng'ao. Kila tundu la skrubu nililitoboa kwa keekee likiwa pana kuliko linavyotakiwa, nikalijaza epoksi, kisha ilipokauka nikatoboa upya katikati yake, ili skrubu isiguse mbao tupu popote. Ni kazi ya kuchosha, na sijui njia ya mkato inayofaa. Epoksi nayo haivumilii jua, hivyo rangi ni lazima juu yake. Nilinyunyizia mchanga laini kwenye rangi mbichi ili miguu isiteleze. Zulia hupendeza na hupunguza kelele, lakini hukaa na maji muda mrefu, nami nisingeliweka.

Unene wa milimita 12 umetosha, kwa kuwa mataruma ya boti hii yako karibu karibu. Pale yanapoachana sana, sakafu hubonyea chini ya mguu na milimita 15 au 18 huhitajika, lakini uzito lazima uangaliwe: ubao mzima wa okume wa milimita 12, wenye upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, una takriban kilo 18, na ule wa milimita 18 hukaribia kilo 27. Katika boti ndogo uzito huo ni wa kuhesabiwa.

Nilifunga kwa skrubu za chuma cha pua, fupi kiasi cha kutofikia bati la chini, na juu ya kila taruma nikalaza utepe wa mpira, kwa kuwa hata chuma cha pua huidhuru alumini vikigusana penye maji ya chumvi. Pembeni niliacha nafasi ya milimita 5 ili maji yashuke kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) badala ya kutuama juu. Povu la kuelea lililo chini ya sakafu lisitupwe bila kurudishiwa jingine lisilonywa maji, maana ndilo linaloiweka boti juu ikijaa.

Dosari niliyoiona kwenye ubao wenyewe ni wembamba wa tabaka la juu: msasa wa umeme ukikawia mahali pamoja hulipenya mara moja. Kwa boti inayolala nje au inayofanya kazi baharini, ningeinunua tena bila kusita. Kwa ile inayohifadhiwa pakavu na kutumika maji baridi siku chache, plaiwudi ya kazi za nje isiyo na dawa, iliyokaguliwa kingo zake na kuzibwa kwa uangalifu uleule, itatosha.