Usaili wa Bendi ya Marine, Washington: mlale Capitol Hill au Rosslyn?

Anayekwenda kusailiwa na Bendi ya Marine ya Marekani, bendi ya kijeshi iliyoanzishwa 1798, akiwa na mwenzi wake, alale Capitol Hill, mtaa wa Washington, karibu na stesheni ya Eastern Market. Kutoka hapo hadi kambi ya Marine, kwenye usaili, ni mwendo wa miguu, na tarumbeta haikumbani na msongamano wa treni. Ubaya ni bei, na nyumba nyingi zimegusana ukuta. Ukipiga bila kizibo cha kupunguza sauti, jirani atagonga.

Rosslyn, ng'ambo ya mto Potomac, ina hoteli kubwa zaidi. Treni ya mjini ya njia ya Bluu inakufikisha Eastern Market bila kubadilisha, vituo kumi. Lakini treni ikikwama, pumzi na midomo hupoa kabla hujaitwa. Ondoka dakika tisini mapema.

Mchujo ni wa raundi kadhaa, ukipiga nyuma ya pazia ili waamuzi wasikuone, na huenda ukasubiri hadi jioni. Msikate tiketi ya kurudi siku hiyohiyo! Wapiga klarineti, kiyoyozi hukausha matete, vile vipande vyembamba vya mdomoni mwa klarineti: yawekeni kwenye kasha lenye unyevu. Mwenzi anayesubiri ana Maktaba ya Bunge karibu, kiingilio bure.