Pointi za Zawadi katika Duka Moja la Mwanakwerekwe

Duka hili la vyakula na vyombo vya nyumbani, lililopo Mwanakwerekwe, Unguja, lina programu ya simu inayompa mteja pointi moja kwa kila shilingi 1,000 za manunuzi, na zikitimia pointi 100 anaweza kuchukua bidhaa za shilingi 1,000 au kuingiziwa kiasi hicho kwenye simu yake. Huduma ni nzuri na risiti huonyesha hesabu ya pointi bila kuuliza. Mchele, sukari na mafuta vinauzwa kwa bei ileile ya maduka jirani. Hilo la bei ndilo la kutazamwa mwanzo, kwani bei ikipandishwa kwa ajili ya pointi, mteja huwa ameinunua zawadi asiyoijua kiasi chake, na hapo gharari, yaani biashara ya kitu kisichojulikana vyema, huingia.

Maadamu bei haikupanda, pointi za manunuzi ni hiba, yaani zawadi ya hiari, ya muuzaji. Kuzichukulia bidhaa hakuna tabu, na hata fedha, zikitoka kwa duka lenyewe, sioni kizuizi, maana mteja hakulikopesha duka kitu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa visiwani, hiba hailazimu mpaka ikabidhiwe. Kwa hiyo hata sharti la kufutwa pointi baada ya miezi sita, ambalo wateja wengi hulinung'unikia, duka lina haki nalo. Kwa msingi huohuo, vijana wanaouziana pointi pale nje wanauza wasichokimiliki bado.

Lisilonikalia sawa ni sehemu ya kununua pointi. Mteja hulipa shilingi 10,000 akapewa pointi 1,100, ambazo thamani yake ni shilingi 11,000. Lau zingetumika kwa bidhaa pekee, pangekuwa na nafasi ya kusema ni punguzo kwa aliyelipa mapema, ingawa wapo wanazuoni ambao wangelikataa hilo pia. Lakini programu inaruhusu pointi hizohizo zigeuzwe fedha baada ya mwezi, na hapo pointi ni jina tu: mtu ametoa shilingi 10,000 leo apokee 11,000 baadaye. Hadithi ya riba iliyopokewa na sahaba Ubada bin Samit imeshurutisha dhahabu kwa dhahabu na fedha (madini) kwa fedha zibadilishwe sawasawa na mkono kwa mkono, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kwamba noti zina hukumu hiyohiyo. Muamala huu umekosa masharti yote mawili.

Mhudumu niliyemuuliza alinijibu kwa adabu, "Shekhe, hiyo ni ofa tu." Ningependa wenye duka waipeleke ofa hiyo Ofisi ya Mufti, Mazizini, kabla ya Ramadhani, msimu ambao watu hununua kwa wingi. Marekebisho yenyewe ni madogo: pointi za kununuliwa ziondolewe kabisa, na zile za manunuzi zibaki kama zilivyo.