Kujaladia kitabu cha skauti mtoto hapa Moshi: nailoni ya gundi, laminesheni au spairo?

Kitabu cha mwongozo cha skauti kinateseka kuliko kitabu chochote cha darasani. Kinabanwa begini na chupa ya maji na kamba, kinafunguliwa juu ya nyasi, kinashikwa na vidole vilivyotoka kuwasha moto. Steshenari za Moshi mjini, za karibu na stendi na za Double Road, kwa kawaida humpa mzazi njia nne: kava la plastiki la kuvalisha, nailoni ya gundi (plastiki ya kubandika), laminesheni (karatasi kufungwa kati ya plastiki mbili), au kubaindi kwa spairo (plastiki au waya unaopitishwa kwenye matundu ya mgongoni). Kwa kitabu kipya, hukumu yetu ni nailoni ya gundi, pamoja na mfuko wa zipu wa kukibebea. Nyingine zina mahali pake, ila si pale zinapouzwa sana.

Wazazi wengi huangalia jalada, na jalada ndilo hudumu kuliko vyote. Kinachokufa kwanza ni mgongo na pembe. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi mgongoni kikilazimishwa kulala wazi, gundi inapasuka na kurasa za katikati zinaanza kuchomoka. Kilichopigwa pini kinachanika pale karatasi inapokutana na pini, na unyevu ukiingia pini zinashika kutu. Halafu kuna vumbi letu la udongo wa volkano, jembamba na lenye chembe ngumu. Likijaa kati ya kurasa linasugua maandishi kama msasa. Machi hadi Mei, masika inamalizia kazi.

Kava la kuvalisha, lile lenye mifuko miwili ya kuingiza majalada, ni la haraka na halihitaji ufundi. Tatizo ni kwamba haligusi mgongo, na vumbi linaingia chini yake. Yale laini yanayonuka plastiki na kuvutika ni mabaya zaidi: jalada lililochapwa kwa mashine ya kopi hubanduka wino na kushikana nayo, hasa kitabu kikiachwa juani au ndani ya gari. Chagua kava linalotoa mlio mkavu ukilikunja. Kama limebaki lile laini tu, weka karatasi nyeupe kati yake na jalada.

Nailoni ya gundi inashika mgongo na majalada yote mawili kwa kipande kimoja, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kwa kitabu cha A5 (milimita 148 kwa 210) chenye mgongo wa milimita 15, kata kipande cha sentimita 41 kwa 27. Hapo kuna sentimita 5 za kukunjia ndani kila upande, na 3 juu na chini. Futa jalada kwa kitambaa kikavu kwanza, maana punje moja ya mchanga ikibaki chini itaonekana mpaka kitabu kiishe. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, kama sentimita 5 kwa mara moja, ukifuatisha kwa rula iliyofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje. Anza na jalada la mbele, zungusha mgongoni, malizia la nyuma.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, hata wahudumu wa dukani wenye haraka: mgongo ubandikwe kitabu kikiwa KIMEFUNGWA. Ukikibandika kikiwa kimelala wazi, nailoni inakuwa fupi. Mtoto akikifunga, inavuta majalada na kupasua gundi ya mgongo siku hiyohiyo. Kwenye pembe, kata nailoni kwa mshazari ukiacha milimita 2 au 3 kutoka kwenye ncha ya jalada. Ukikata hadi kwenye ncha yenyewe, pembe inabaki uchi. Juu na chini ya mgongo, ondoa kipande kidogo cha nailoni, usikikunjie ndani. Kibofu cha hewa kikibaki, kitoboe kwa sindano na ukikandamize.

Selotepu ya kawaida isitumike kuunga ukurasa uliochanika. Gundi yake hugeuka njano, hutoka pembeni na kushikanisha kurasa mbili. Ukurasa uliochomoka urudishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba wa milimita 2 ndani ya mgongo, kisha kitabu kikandamizwe chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Laminesheni ya kitabu kizima tunaikataa. Hesabu ni rahisi: kitabu cha kurasa 120 kina karatasi 60, karibu milimita 6. Plastiki ya maikroni 125 (milimita 0.125) inafunika pande zote mbili, kwa hiyo kila karatasi inaongezeka robo milimita. Jumla inafika milimita 21, nzito na inayoteleza mkononi. Tena unalipia ukurasa kwa ukurasa, na baada ya hapo kiongozi wa kundi hawezi kusaini hatua alizofaulu mtoto, kwa sababu kalamu haishiki. Laminesheni inafaa kwa nakala ya kurasa chache zinazotumika porini: mafundo, alama za njia, huduma ya kwanza. Toa kopi, kitabu chenyewe kibaki kizima. Mwambie mhudumu aache ukingo wa plastiki wa milimita 3 kuzunguka karatasi. Akikata sawasawa na karatasi ili ipendeze, maji yanaingia pembeni na tabaka zinaachana.

Spairo ni tiba ya kitabu ambacho mgongo wake umeshakufa. Mashine inakata mgongo milimita 3 hadi 5, na matundu yanakula nyingine 7 hivi. Kabla ya kukubali, pima nafasi tupu ya ndani ya ukurasa: ikiwa chini ya milimita 12, maandishi yatatobolewa, na hakuna kurudi nyuma. Omba spairo ya kuzunguka, si ile ya meno ambayo hufunguka kitabu kikikunjwa nyuma. Kitabu cha unene wa milimita 8 kinataka spairo ya milimita 10 hadi 12. Ndogo zaidi inachana matundu. Hakikisha pia ncha zake zimekunjwa ndani, la sivyo itajichomoa yenyewe begini.

Mfuko wa zipu uwe na nafasi ya ziada ya sentimita 2 au 3 kila upande, na mtoto asiweke ndani kamba iliyolowa. Kitabu kikilowa hata hivyo, usikianike juani wala karibu na jiko, karatasi itajikunja. Kisimamishe wima, kimefunguka kidogo, mahali penye upepo, na uweke karatasi nyeupe kila baada ya kurasa kumi, ukizibadilisha zikilowa. Gazeti linaacha wino. Kurasa zinazong'aa zitenganishwe zikiwa bado mbichi, kwa sababu zikikauka zimeshikana hazitoki bila kuchanika.