Paneli nyeusi za kupasha bwawa joto: nazisifu, ila kwanza niziombe radhi

Wiki ya kwanza nilizitukana bure. Ni zile paneli za plastiki nyeusi ya polipropilini, hazina kioo, ni vijibomba vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana. Bwawa letu lina mita 8 kwa 4, kwa hiyo uso wa maji ni mita za mraba 32. Kwa ubahili nikanunua paneli za mita za mraba 12, nikazifunga juu ya kibanda cha pampu, kisa bomba lilikuwa karibu. Kufika saa nane mchana kibanda kizima kimeshamezwa na kivuli cha nyumba. Themometa haikutikisika. Watoto wakaniuliza kama yale ni mapambo.

Hesabu ningeifanya mapema nisingeaibika. Kila mita ya ujazo ya maji hula takriban uniti 1.16, uniti zilezile za umeme, ili ipande digrii moja ya Selsiasi. Bwawa letu lina mita za ujazo kama 45. Digrii moja tu ni uniti 52, na hapo sijagusa joto linalotoroka usiku.

Basi nikaongeza paneli hadi mita za mraba 24, robo tatu ya uso wa bwawa, nikazihamishia kwenye paa la nyumba. Upande bora ni ule unaotazama ikweta: aliye kaskazini yake aelekeze kusini, aliye kusini aelekeze kaskazini. Kwangu upande huo una mti ambao mke wangu hataki hata kusikia ukitajwa pamoja na neno panga. Nikaangukia magharibi. Kabla paa halijatobolewa nilitoka nje kila baada ya saa moja, siku nzima, nikipiga picha kivuli kinavyotembea. Sijutii magharibi, maana alasiri hewa imeshapata joto, na paneli zisizo na kioo huibiwa joto haraka na upepo na hewa baridi.

Baada ya kuhamisha, nikapanda ngazi jua likiwaka, nikaweka kiganja juu ya paneli. Baridi! Nikampigia fundi kwa hasira. Akacheka: "Mzee, zikiwa baridi ndiyo zinafanya kazi. Zikikuunguza, ujue joto limebaki juu ya paa." Kweli, maji yanatakiwa kupita kwa wingi na kurudi yakiwa yamepanda digrii mbili tatu tu, siku nzima, mzunguko juu ya mzunguko. Nikaendelea kupapasa hadi mwisho wa safu, nikakuta paneli mbili zinachoma. Hapo fundi hakucheka. Alikuwa ameingiza na kutoa maji upande mmoja, nayo maji yakafuata njia ya mkato. Akabadilisha: yaingie pembe ya chini, yatoke pembe ya juu ya upande wa pili. Zote zikapoa.

Jambo jingine ambalo karatasi ya maelekezo imelitaja kwa mstari mmoja wa maandishi ya sisimizi ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Sisi hatukuiweka. Pampu ilipozima jioni, maji ya paa yakashuka kwa nguvu kupitia kwenye chujio, na asubuhi tukakuta uchafu wote wa wiki umetapikwa bwawani. Valvu hiyo hukaa baada ya chujio, kabla bomba halijapanda kwenye paneli. Juu kabisa kuna kivalvu kingine cha kuingizia hewa, ili paneli zinapojimwaga zisinywee kama chupa iliyofyonzwa. Ndicho kinacholeta mapovu kila asubuhi pampu ikiwaka. Msihangaike, yanaisha baada ya dakika chache.

Sasa jua likiwa zuri tunapata digrii moja hivi kwa siku, na usiku tunafunika bwawa, kwa sababu joto jingi huondoka na mvuke. Usiku mmoja tulisahau kifuniko, kukiwa na upepo, na asubuhi karibu chote tulichochuma jana yake hakipo.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mikanda ya kufungia: imelegea mara mbili, na anayepanda kuikaza ni mimi.