Nilinunua transfoma ya amplifaya Kisumu, nikauziwa alumini

Kama unajiundia amplifaya nyumbani na uko Kisumu, kuna duka moja la vipuri vya elektroniki katikati ya mji ambalo nakuomba ulipite bila kugeuza shingo. Jina silitaji. Nitataja transfoma yao.

Nilitaka ya 24-0-24, yaani volti 24 kila upande na sifuri katikati, ampia 5, ya kuendesha TDA7294 mbili, zile IC (chipu) za kukuza sauti. Muuzaji nilimweleza hivyo hivyo, na kibandiko cha ile aliyonipa kiliandikwa hivyo hivyo. Nilipoipokea niliiona nyepesi mno. Transfoma ya chuma ya wati 240 za kweli ni mzigo, huwa kilo tatu na zaidi, lakini hii niliinua kwa vidole viwili. Nikamuuliza mbona iko hivi. Akajibu siku hizi zote ziko hivyo, chuma kimeboreshwa.

Nyumbani nikaipima kabla ya kuunga chochote. Bila mzigo ilitoa 28 na 28. Volti 28 zikishapita kwenye daraja la dayodi na kapasita ili ziwe umeme wa DC, zinakuwa karibu 39 kila upande. TDA7294 mwisho wake wa kufanyia kazi ni 40. Na stima ya huku hatulali nayo 240 ile ile, usiku mwingi watu wakishazima vitu vyao inapanda. Kwa hiyo IC zangu zinakaa ukingoni zikiwa hazijafanya lolote. Halafu nikaweka muziki wa benga. Gitaa la besi likiingia, mita inaporomoka kutoka hizo 39 hadi 26, sauti inapasuka, na ule mngurumo wa hezi 100 unajitokeza chini ya kila kitu. Juu ikiwa haina kazi, chini ikipewa kazi: hiyo ndiyo transfoma ya kibandiko. Haukupita muda ikawa haishikiki kwa moto, na nyumba ikajaa harufu ya vanishi.

Nikachukua wembe, nikakwangua ncha ya waya. Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe pe. Alumini! Waya wa alumini wenye unene sawa na wa shaba una ukinzani wa takriban mara 1.6, basi moto ule wote ulitoka hapo. Sisemi alumini ni haramu. Ukiusuka mnene inavyotakiwa na umwambie mnunuzi, hakuna ugomvi. Mimi niliambiwa ni shaba, na nikalipa bei ya shaba.

Sasa sikiliza nilivyopokelewa niliporudi. Nilibeba transfoma, mita yangu, na balbu mbili za taa kubwa za gari, wati 55 kila moja. Ukiziunga mfululizo kwenye volti 24 zinavuta karibu ampia 4.6, na transfoma ya ampia 5 inatakiwa izibebe bila kulalamika. Nilimwomba kwa adabu: ndugu yangu, tuunge hapa hapa kaunta, sote tuone. Akazisukuma balbu kwa mgongo wa mkono, moja ikaanguka sakafuni. "Omera, wewe ni fundi wa wapi? Kitu kikishavuka mlango si chetu." Watu wamejaa dukani. Kisha akageuka kumhudumia mama aliyekuwa nyuma yangu, kwa sauti tamu kabisa, kana kwamba mimi nimeshatoka.

Nilipokataa kuondoka, akaniletea pawa saplai ya swichi, ile ya taa za LED, volti 24, eti niongeze pesa nichukue hiyo. Pawa saplai za swichi sina chuki nazo. Wepesi wao ni halali, kwa sababu zinafanya kazi kwenye masafa ya makumi ya kilohezi, hivyo kiini chake hakihitaji kuwa kikubwa. Na zipo zilizoundwa kwa ajili ya amplifaya, zenye chanya, hasi na sifuri katikati. Lakini hii ilikuwa ya upande mmoja, na saketi yangu inataka pande mbili. Nikamwonyesha. Hakuangalia hata.

Nisiwaonee, kapasita za maikrofaradi 10,000 za volti 50 nilizonunua kwao siku nyingine bado ni nzima, hazijavimba, na daraja la dayodi pia limetulia. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba vitu vidogo nunua pale, transfoma tafuta kwingine. Lakini kila nikiikumbuka ile balbu ikibingirika sakafuni, na yule mtu asiinamishe hata kichwa, naona hapana. Kapasita nazo kanunue kwingine.

Mimi sasa nimempelekea kazi mzee mmoja wa Kondele anayesuka koili. Ana bei kuliko duka, na utasubiri hadi uchoke. Ila alinikabidhi kipande cha waya na wembe nikwangue mwenyewe kabla hajaanza. Ya kwake haipiti 25 bila mzigo, na balbu zangu (nilinunua nyingine) iliziwasha huku volti zikishuka kidogo tu. Besi inapiga imekaza, na mngurumo hausikiki hata ukisogeza sikio kwenye spika.

Shilingi 3,500 zangu bado ziko kwa yule wa dukani, na nazitaka.