Waongoza mazungumzo wa World Café: nyota 4

Wadau, tuliwaita hawa jamaa kwenye kikao chetu cha mafuriko ya mto Msimbazi hapa Dar. World Café ni mtindo wa mazungumzo ulioanzia California 1995, mnakaa wanne wanne mezani dakika 20 hivi kisha mnahama, mmoja anabaki kuwapa wageni stori ya meza. Mi nilijua mbwembwe tu, ila raundi ya pili swali likageuka lenyewe, tulikuja na "nani anatupa taka mtoni" tukajikuta tunauliza kwa nini gari la taka haliingii vichochoroni na huu mchanga unaoshuka toka vilima vya Pugu tukausemee wapi. Hata mzee wetu wa kuhutubia ikabidi asikilize, hahaha. Kasoro: karatasi za mezani tulizoandikia mawazo walibeba zote, muhtasari mpaka leo tunausubiri.