The Invisible Man: jina moja, muvi mbili na vitabu viwili

Laibrari za muvi hapa Dodoma utaratibu wake ni ule ule: unataja jina, kijana anatafuta kwenye kompyuta, anakurushia kwenye flashi, unalipa, unaondoka. Ninayoitumia mimi iko Majengo. Wana haraka, wana heshima, na flashi yangu haijawahi kurudi na virusi. Shida yao ni kwamba faili hazina mwaka wala jina la mwongozaji. Niliomba The Invisible Man, yaani mtu asiyeonekana, nikarushiwa mbili, ya 1933 na ya 2020, zote zimeandikwa jina hilo tu. Nikaziangalia zote, kisha nikatafuta na vitabu. Viko viwili vyenye jina hilo, ingawa kimoja hakina “The”, na ukimaliza kimoja usidhani umekijua na cha pili.

Muvi ya 1933 iliongozwa na James Whale. Msiipite kwa sababu haina rangi. Claude Rains anaigiza akiwa amezungushiwa bandeji au haonekani kabisa; uso wake unauona mwisho kabisa, akiwa amekufa kitandani. Muda wote huo anakubeba kwa sauti tu, na inatosha. Pale anapofungua bandeji mbele ya polisi, ndani hamna kichwa, nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Na yule mchumba wake, Flora, ni Gloria Stuart, ndiye bibi mzee wa Titanic ya 1997.

Ya 2020 ni ya Leigh Whannell. Elisabeth Moss anamtoroka usiku mwanaume anayemtesa, anaambiwa amekufa, lakini yeye anahisi bado yumo naye chumbani. Kinachouma zaidi ni kwamba akisema, haaminiwi. Dada yeyote aliyepigwa ndani kwake, akaenda kwa wazazi akaambiwa avumilie, ataielewa muvi hii kuliko mimi. Watoto walale kwanza. Na tafadhali, msichukue iliyotafsiriwa. Nilipewa hiyo mara ya kwanza. Whannell anaacha kamera ikitazama kona tupu, kimya, ili na wewe uanze kuitilia shaka kona hiyo. Sasa mtafsiri anakijaza kimya hicho kwa maelezo na vichekesho, hofu yote inakwisha. Ombeni yenye sauti yake halisi.

Muvi zote mbili zina mtu anayeitwa Griffin, na huyo ametoka kwenye riwaya ya H. G. Wells ya 1897. Ni fupi, inapatikana bure na kihalali Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, nimeisomea kwenye simu. Mgeni anafika kijiji cha Iping, Uingereza, mwezi wa Februari, theluji inaanguka, amejifunika uso mzima, anataka chumba na moto. Inakwenda mbio. Ila kuna mahali nilisimama. Griffin anamsimulia Dokta Kemp kwamba yeye ni karibu albino, na mwili wenye rangi kidogo ndio ulioirahisishia sayansi yake kumfanya asionekane. Msomaji wa London pengine anapita hapo bila kugeuka. Sisi hatuwezi. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa kwa ushirikina, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba hawafi, wanapotea tu. Wells hakuandika akitufikiria sisi, lakini mwalimu anayekigawa kitabu hiki darasani asiuache ukurasa huo bila kuuzungumzia.

Kitabu cha pili ndicho kilichonishika. Invisible Man ya Ralph Ellison, Mmarekani mweusi, ilitoka 1952 na mwaka uliofuata ikapata National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani. Humu hamna dawa wala maabara ya kumfuta mtu. Msimuliaji ni kijana mweusi mwenye mwili wake kamili, ila wanaomtazama hawamwoni yeye. Hata jina lake hatutajiwi. Anafukuzwa chuoni, na mkuu wa chuo, Dokta Bledsoe, anampa barua 7 zilizofungwa apeleke kwa matajiri wa New York wamsaidie kazi. Anazunguka ofisi kwa ofisi, makatibu muhtasi wanapokea, anaambiwa asubiri. Mtoto wa mmoja wa matajiri ndiye anayemwonyesha kilichoandikwa ndani: kwamba aendelee kupewa matumaini, lakini chuoni asirudi kamwe. Vijana wetu wanaoshinda na bahasha za kaki kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, watazisoma kurasa hizo polepole sana. Halafu kuna kiwanda cha rangi, ambako anaamriwa kudondoshea matone 10 meusi kwenye kila kopo ili nyeupe itoke nyeupe kabisa. Nimemsimulia kila mtu kisa hicho.

Kiingereza chake ni kizito kuliko cha Wells, hasa kwenye hotuba na mahubiri, lakini msiziruke. Hiki hakitolewi bure. Nilikiazima kwa rafiki anayefundisha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na sasa nimeagiza nakala yangu kutoka Dar.